Dripu na watoto wetu: Jaribio la hospitali sita lililowasahihisha madaktari wa dunia

Januari 2011, kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama wa jaribio moja la tiba ilipitia takwimu za watoto 2,995 waliokuwa wamelazwa mahututi katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Ilipomaliza ikatoa agizo fupi: uandikishaji usimame. Jaribio hilo, lililojulikana kwa kifupi chake FEAST, lilikusudia kufikisha watoto 3,600, na siku agizo linatekelezwa tayari 3,141 walikuwa wamegawanywa kwa kura katika makundi yake matatu makuu.

Swali la jaribio lilikuwa lile ambalo madaktari wengi waliona halina haja ya kuulizwa. Mtoto anapoletwa na homa kali, mikono imepoa, fahamu zinampotea na damu haizunguki sawasawa, je, kumkimbizia dripu, yaani kumwingizia maji mengi ya mshipani kwa haraka, humwokoa?

Jibu lilipochapishwa Mei mwaka huo katika jarida la tiba la New England, liliwaacha wataalamu wakitazamana. Katika kila watoto thelathini waliokimbiziwa dripu, alikufa mmoja zaidi kuliko katika idadi kama hiyo ya wasiokimbiziwa.

Heshima ya chupa

Katika nchi zetu dripu ina heshima yake. Mgonjwa aliyetundikiwa chupa huhesabiwa kuwa amehudumiwa. Aliyerudi nyumbani na vidonge huulizwa na ndugu kama kweli daktari alimwangalia. Wapo wanaoingia zahanati ya mtaani kwa miguu yao wenyewe na kulipa ili wawekewe maji ya kuongeza nguvu. Usidhani imani hiyo imezuka kwa wagonjwa peke yao. Imeshuka kutoka kwa wataalamu, na ina historia ndefu.

Mwaka 1832 kipindupindu kilipoikumba Uingereza, daktari Thomas Latta wa Leith, karibu na Edinburgh, aliwadunga wagonjwa maji yenye chumvi moja kwa moja kwenye mshipa. Watu waliokuwa wamekauka kwa kuharisha, wakihesabiwa kuwa maiti, wakafumbua macho. Alikuwa sahihi, kwa sababu kipindupindu huua kwa kuumaliza mwili maji, na anayerudishiwa maji hupona. Hilo halijabadilika hadi leo.

Tatizo lilianza pale hoja hiyo ilipohamishiwa kwa mgonjwa wa aina nyingine. Mtoto mwenye malaria kali au bakteria kwenye damu huonyesha dalili zinazofanana na za mtu aliyekaukiwa: mapigo ya moyo yanakwenda mbio, miguu ni ya baridi, mshipa wa kifundo cha mkono haushikiki vizuri. Wataalamu huiita hali hiyo mshtuko, yaani damu haifiki inakotakiwa kwa nguvu ya kutosha. Ikaonekana jambo la akili ya kawaida kwamba mishipa ikijazwa maji upesi, mzunguko utarudi.

Ushahidi uliotajwa sana kwa watoto ulitoka Marekani. Mwaka 1991 Joseph Carcillo na wenzake walieleza habari za watoto 34 wenye mshtuko uliotokana na maambukizi. Waliopata maji mengi zaidi katika saa ya kwanza, zaidi ya mililita 40 kwa kila kilo ya uzito, walikuwa tisa tu, na wengi wao walipona. Hakuna kura iliyopigwa kuamua nani apewe maji kiasi gani. Watafiti waliangalia tu yaliyokuwa yametokea. Hata hivyo, pamoja na tafiti nyingine ndogo na uzoefu wa wodini, ripoti hiyo ilisaidia kuujenga mwongozo uliofundishwa kwenye vyuo vya udaktari kwa miaka ishirini.

Muheza, Kilifi, Mbale

Kathryn Maitland, daktari Mwingereza wa watoto, alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi Kilifi, katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome. Hospitali za huko, kama zilivyo hospitali nyingi za wilaya, hazikuwa na chumba cha wagonjwa mahututi wala mashine ya kumpumulia mtoto ambaye mapafu yamejaa maji. Kwa hiyo wahudumu wengi walisita kukimbiza dripu, na lawama ilikuwa kwamba kusita huko kunagharimu maisha. Maitland na wenzake waliona njia ya haki ni kupima. Jaribio lilibuniwa kwa matarajio kwamba maji yangethibitika kuokoa.

Hospitali sita zikakubali: Kilifi kwa upande wa Kenya, Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga, na nne za Uganda, yaani Mulago jijini Kampala, Mbale, Soroti na Lacor iliyoko Gulu. Fedha zilitoka Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Miongoni mwa walioongoza kazi walikuwamo Sarah Kiguli wa Chuo Kikuu cha Makerere, Peter Olupot-Olupot wa Mbale, George Mtove wa Muheza na Samuel Akech aliyekuwa Kilifi.

Uandikishaji ulianza Januari 2009. Aliyestahili kuingia ni mtoto wa kuanzia siku 60 hadi miaka 12 mwenye homa, anayepumua kwa shida au fahamu zinazomtoka, na mwenye dalili ya damu kutozunguka vizuri. Kulitambua hilo hakukuhitaji mashine ghali. Mhudumu alibonyeza ukucha wa mtoto kisha akauachia na kuhesabu: wekundu ukichelewa kurudi kwa sekunde tatu au zaidi, hiyo ni ishara. Alipitisha mkono kwenye mguu kuhisi kama baridi ya vidole inapanda juu. Aliutafuta mshipa wa mkono kuona kama unapiga kwa nguvu.

Watoto wa kuharisha na kutapika hawakuingizwa, kwa kuwa tiba yao ya maji haikuwa na ubishi. Wenye utapiamlo mkali nao waliachwa nje. Asilimia 57 ya walioingia walikuwa na malaria, karibu theluthi walikuwa na upungufu mkubwa wa damu, na nusu yao hawakuzidi miaka miwili.

Bahasha iliyofungwa ndiyo iliyoamua. Kundi la kwanza lilikimbiziwa salaini, yaani maji ya chumvi ya hospitali. La pili albumini, maji yenye protini ya damu. La tatu halikukimbiziwa kitu. Hakuna aliyenyimwa matibabu. Watoto wote walipata dawa za kuua vijidudu, dawa ya malaria, sukari iliposhuka, oksijeni, damu kwa aliyeishiwa, na maji ya polepole ya kumtunza mgonjwa asiyeweza kunywa.

Kipimo chenyewe kinafaa kutazamwa kwa karibu. Mtoto wa kilo kumi ana damu inayokaribia mililita 800 mwilini. Katika jaribio, dozi ya saa ya kwanza ilikuwa mililita 20 kwa kilo, na baadaye ikapandishwa kuwa 40. Maana yake mtoto huyo aliingiziwa mililita 200 hadi 400 ndani ya saa moja. Mwenzake wa kundi la tatu alipata kama mililita 40 kwa saa, au pungufu ya hapo.

Suala la ridhaa lilihitaji busara. Mama anayeingia mbio na mtoto anayekata roho hawezi kukalishwa asomewe fomu ya kurasa kadhaa. Kamati za maadili zilikubali utaratibu wa hatua mbili: pale ambapo hakukuwa na muda, mzazi alielezwa kwa ufupi na kuombwa kauli yake, akikataa mtoto aliendelea kutibiwa kwa utaratibu wa kawaida. Hali ilipotulia, aliketishwa, akaelezwa yote kwa urefu, ndipo akaombwa kutia sahihi au kujitoa. Baada ya hapo majaribio mengine ya dharura yamefuata mfano huo.

Hesabu ya saa 48

Katika saa 48 za mwanzo, kati ya watoto 1,050 waliopewa albumini walikufa 111, yaani asilimia 10.6. Kati ya 1,047 waliopewa salaini walikufa 110, asilimia 10.5. Katika kundi lisilokimbiziwa dripu, watoto 1,044, walikufa 76, asilimia 7.3. Wiki nne baadaye pengo lilikuwa palepale: takriban asilimia 12 kwa makundi ya dripu, na 8.7 kwa wasiokimbiziwa.

Watafiti walikata takwimu kwa kila upande kutafuta kundi lililonufaika. Wakawatenga wenye malaria na wasio nayo, wenye upungufu wa damu na wasio nao, wadogo na wakubwa, wenye dalili moja ya mshtuko na wenye dalili zote. Hawakulipata hata moja.

Kulikuwa pia na watoto 29 ambao shinikizo lao la damu lilikuwa limeporomoka kabisa. Hao waliwekwa kando na wote wakapewa maji, kwa kuwa ilionekana si haki kuwaacha bila. Idadi yao ni ndogo mno kutoa hukumu.

Jambo jingine halikutangazwa sana: vifo katika kundi la tatu vilikuwa vichache kuliko ilivyotarajiwa wakati jaribio linapangwa. Watafiti wenyewe walilihusisha hilo na mafunzo yaliyotolewa kwa wahudumu, upangaji wa wagonjwa kwa uzito wa hali zao mlangoni, na kufuatiliwa kwa karibu kitandani. Hivyo vyote vinaweza kufanyika katika hospitali ya wilaya bila kusubiri mtambo kutoka ng'ambo.

Alichokiona daktari baada ya saa moja

Iliwezekanaje wataalamu wenye nia njema wasione madhara haya kwa miongo miwili? Jibu limo ndani ya takwimu zilezile. Baada ya saa moja, watoto waliokimbiziwa dripu ambao dalili za mshtuko zilikuwa zimewaondoka walikuwa wengi kuliko wenzao. Miguu ilipata joto, mapigo yakatulia. Daktari aliyesimama kando ya kitanda aliona kwa macho yake kwamba maji yamefanya kazi, akaenda kwa mgonjwa mwingine na imani yake imethibitika. Vifo vilikuja baadaye, vingi ndani ya saa 24, mara nyingi zamu nyingine ikiwa kazini. Bila kundi la kulinganishia, kifo hicho huandikwa kuwa ni cha ugonjwa.

Mwanzoni wengi walidhani watoto walikufa kwa mapafu au ubongo kujaa maji. Uchambuzi uliotolewa 2013 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya vifo vya ziada ilitokana na moyo na mishipa kushindwa kazi. Mwingine wa 2019 ukaongeza kwamba dripu ya haraka ilizorotesha upumuaji na fahamu, iliipunguza nguvu damu kwa kuizimua, na iliongeza asidi mwilini kwa sababu ya kloridi iliyomo kwenye maji hayo. Kwa mtoto ambaye malaria imeshamla chembe nyekundu za damu, kuizimua damu iliyobaki ni kumpunguzia uwezo wa kubeba oksijeni.

Geneva ilichelewa

Wakosoaji hawakukosekana. Wengine walisema matokeo haya ni ya Afrika, kwa watoto wenye malaria, mahali pasipo na mashine, na hayawahusu wengine. Hoja hiyo ina sehemu ya ukweli, kwani mwenye mashine ya kupumulia anaweza kuyakabili baadhi ya madhara. Lakini ushahidi uliokuwapo kabla, ule wa watoto 34, ulitoka kwenye hospitali ya Marekani na ukahamishiwa Mbale na Muheza bila mtu kuuliza kama unafaa. Iweje ushahidi wa watoto zaidi ya 3,000 wa Afrika udaiwe vibali ambavyo ule mdogo haukudaiwa?

Shirika la Afya Duniani, lenye makao yake Geneva, lilipotoa kitabu chake cha tiba ya watoto hospitalini mwaka 2013, pendekezo la kukimbiza maji kwa watoto wenye mshtuko lilibaki. Mwaka uliofuata Kiguli, Akech, Mtove, Olupot-Olupot na wenzao waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, wakilalamika waziwazi kwamba takwimu za FEAST zimeachwa nje. Ilikuwa 2016 shirika hilo lilipotoa mwongozo mpya wa huduma za dharura kwa watoto, likionya dhidi ya kukimbiza maji kwa mtoto ambaye mzunguko wake umedhoofu bila kufikia mshtuko kamili. Februari 2020 jopo la kimataifa la tiba ya maambukizi makali kwa watoto nalo likapendekeza kwamba pasipo na wodi ya wagonjwa mahututi, na shinikizo la damu halijashuka, dripu ya haraka isitumike.

Miaka mitano kutoka kuchapishwa kwa ushahidi hadi mwongozo wa 2016 ni muda mrefu kwa jambo linalohusu vifo vya watoto. Na mwongozo ukishaandikwa, bado una safari ya kufika kwenye wodi ya wilaya, ambako muuguzi wa zamu ya usiku pengine alifundishwa kwa kitabu cha zamani.

Zambia, na damu ya kuongezewa

FEAST haikubaki peke yake. Hospitali ya Chuo Kikuu jijini Lusaka ililijaribu swali hilo kwa watu wazima 209 wenye maambukizi makali na shinikizo la chini la damu. Matokeo yaliyotolewa 2017 yalionyesha kwamba waliotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi na ya mapema walikufa asilimia 48.1, na waliotibiwa kwa njia ya kawaida asilimia 33.

Jaribio la TRACT, lililofanyika Uganda na Malawi na kuchapishwa 2019, liligeukia damu. Watoto wenye hemoglobini kati ya gramu 4 na 6 kwa desilita ya damu ambao hawakuwa na dalili za hatari waligawanywa: wengine waliongezewa damu papo hapo, wengine walisubirishwa wakiangaliwa kwa karibu na kuongezewa endapo hali ingeshuka. Baada ya siku 28 hapakuwa na tofauti ya maana katika vifo, na karibu nusu ya waliosubirishwa walihitaji damu baadaye. Kwa nchi ambazo benki za damu hukauka kila shule zinapofungwa, kwa kuwa wachangiaji wengi ni wanafunzi, hilo si jambo dogo.

Kupima si kupinga tiba. Miezi michache kabla ya FEAST kutoa matokeo, jaribio la AQUAMAT lililohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, lililinganisha sindano ya atesuneti na kwinini iliyozoeleka. Vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa atesuneti na 10.9 kwa kwinini. Hospitali ya Muheza ilishiriki huko pia. Safari ile dawa mpya ilishinda, na ndiyo maana leo mtoto mwenye malaria kali huanzishiwa atesuneti. Njia iliyotuambia atesuneti itumike ndiyo hiyohiyo iliyotuambia dripu ya haraka isitumike: kura, kundi la kulinganishia, na hesabu ya wazi ya waliopona na waliokufa.

Yanayotuhusu

Serikali zetu zina la kujifunza hapa. Jaribio lililosahihisha tiba ya dunia lilifanyika kwenye wodi zetu, kwa mikono ya madaktari na wauguzi wetu na kwa imani ya wazazi wetu, lakini kwa fedha za Uingereza. Anayelipia utafiti ndiye mwenye sauti kubwa katika kuchagua swali. Yapo maswali mengi ya wodini ambayo hakuna mfadhili wa nje atakayeyaona kuwa yake, na hayo hayana wa kuyalipia isipokuwa bajeti za Dodoma, Nairobi na Kampala. Wizara za afya nazo zina wajibu wa kuhakikisha mwongozo mpya unafundishwa hadi kwenye kituo cha afya cha mwisho wa barabara.

Mzazi naye ana sehemu yake. Mtoto anayeharisha au kutapika anahitaji maji: anza mapema na ORS na zinki kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza, na akikauka sana dripu ni tiba yake halali. Haya yaliyoelezwa hapa hayaligusi hilo. Lakini mtoto mwenye homa anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, anayelegea au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kungoja kuche. Ukifika, uliza amepimwa nini, anaumwa nini na anapewa dawa gani. Mhudumu akikwambia mtoto hahitaji dripu, usimlazimishe na wala usihame hospitali kwa sababu hiyo. Yumkini anafuata ushahidi uliopatikana Kilifi, Muheza na Mbale.